Sarafu za dhahabu za kughushi: kuuliza kama ni dhahabu hakutoshi tena

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonitia wasiwasi mimi na wenzangu tunaokusanya sarafu za zamani, na ambalo naamini linawahusu pia wananchi wengi ambao hawajawahi kujiita wakusanyaji, ila wana sarafu moja au mbili za dhahabu walizorithi kwa wazee wao. Bei ya dhahabu imepanda sana katika miaka ya karibuni, na pamoja nayo imeongezeka hamu ya kununua sarafu za dhahabu, wengine wakitafuta akiba na wengine wakivutwa na historia. Ushauri wanaopewa wanunuzi, magazetini, redioni na katika mitandao ya kijamii, umebaki ule ule: ing'ate uone kama meno yataacha alama, isogeze kwenye sumaku, idondoshee siki, au mpelekee sonara aisugue kwenye jiwe lake. Ushauri huo ulifaa wakati waghushi walipokuwa wakipaka rangi ya dhahabu juu ya shaba. Leo unawaponza watu, kwa kuwa unajibu swali moja tu, nalo ni kama kitu hicho ni dhahabu, ilhali sarafu za kughushi zilizo hatari kuliko zote ni zile ambazo kweli ni za dhahabu.

Nianze na sarafu iliyogongwa hapa hapa nchini. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, utawala wa Kijerumani katika Afrika Mashariki ulikuwa umefungiwa njia ya bahari na manowari za Waingereza, na shehena za sarafu kutoka Ujerumani hazikuweza kufika. Askari walipaswa kulipwa, bidhaa zilipaswa kununuliwa, na noti za muda zilizochapwa humu humu nchini hazikuaminiwa sana na watu waliozoea kushika rupia ya fedha mkononi. Serikali ile ikaanza kugonga sarafu zake mjini Tabora, katika karakana ya reli, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke, katika nchi ya Iramba. Zikatoka sarafu 16,198 za rupia 15, zenye tai wa Kijerumani upande mmoja, na upande wa pili tembo akiwa mbele ya milima, pamoja na mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Kiasi hicho cha rupia 15 hakikuchaguliwa ovyo, kwani kwa viwango vya koloni lile kilikuwa sawa na marki 20 za Ujerumani, na hakikuwa mbali na pauni moja ya dhahabu ya Kiingereza, sarafu iliyojulikana vyema katika pwani yetu yote. Tarehe 19 Septemba mwaka huo huo majeshi ya Ubelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora, na sarafu hiyo haikugongwa tena.

Sarafu hii ya tembo ina uzito unaokaribia gramu 7.2, na dhahabu yake ni ya karati 18, maana yake ni kwamba robo tatu ya uzito huo, yaani takriban gramu 5.4, ndiyo dhahabu safi. Mnadani huko Ulaya na Marekani, sarafu halisi iliyo katika hali nzuri huuzwa kwa maelfu ya dola, bei ambayo ni mara kadhaa ya thamani ya dhahabu iliyomo. Naomba msomaji asimame kidogo kwenye hesabu hiyo, kwa sababu humo ndimo ulimo ufunguo wa jambo zima. Mghushi hana haja ya kuiba hata chembe ya dhahabu. Anaweza kununua dhahabu halali ya karati 18 dukani, akaitia yote kwenye sarafu yake bila kupunguza chochote, akaigonga kwa chapa (muhuri wa chuma unaotia sura kwenye sarafu) iliyochongwa vizuri, na bado akapata faida kubwa, kwa sababu anachouza ni jina la Tabora na mwaka 1916. Sonara atakayepelekewa sarafu hiyo ataisugua kwenye jiwe, ataidondoshea tindikali, kisha atasema kwa uaminifu kabisa kwamba ni karati 18. Atakuwa amesema kweli, na mteja atakuwa ameibiwa.

Sisemi hivyo kuwadharau masonara, watu ambao ujuzi wao nauheshimu na ambao kwa vizazi vingi wamekuwa ndio mahakama ya mwisho ya dhahabu katika miji yetu. Nasema tu kwamba tunawauliza swali lisilo lao. Ujuzi wa kutambua metali ni mmoja, na ujuzi wa kutambua ni chapa gani iliyogonga metali hiyo ni mwingine, na huu wa pili hapa nchini haufundishwi popote kwa utaratibu.

Zamani sarafu ya kughushi ilitengenezwa kwa kumimina dhahabu iliyoyeyushwa ndani ya kalibu iliyochukuliwa kutoka sarafu halisi. Kazi hiyo huacha vitobo vidogo vya viputo vya hewa, herufi zilizovimba na kingo zisizo kali, na mtu mwenye lenzi ya kukuza mara kumi huziona dosari hizo bila shida. Baadaye waghushi wakajifunza kutengeneza chapa za chuma moja kwa moja kutoka kwenye sarafu halisi, wakawa wanagonga sarafu kwa shinikizo kubwa kama ifanyavyo serikali yenyewe. Sasa sura ya sarafu huweza kusomwa na mwanga wa leza, ikahifadhiwa kwenye kompyuta, ikasafishwa mikwaruzo yake, kisha mashine ikachonga chapa kwa kufuata vipimo vilivyo vidogo kuliko unene wa unywele. Sarafu inayotoka hapo haina viputo, na herufi zake hazijavimba.

Hata hivyo dosari moja imebaki, na ndiyo inayowasaidia wataalamu hadi leo. Chapa iliyonakiliwa kutoka sarafu moja halisi hubeba pia majeraha ya sarafu hiyo: mkwaruzo kwenye shingo ya tai, kidonda kidogo karibu na ukingo, alama ya sarafu nyingine iliyoigonga ndani ya mfuko miaka mingi iliyopita. Majeraha hayo hujirudia mahali pale pale kwenye kila sarafu inayotoka kwenye chapa ile. Sarafu mbili halisi haziwezi kuumia sawasawa, katika sehemu zile zile, kwa kina kile kile. Mtu akikuta sarafu mbili za tembo zenye kidonda kimoja kinachofanana, basi walau moja kati yake si ya Tabora, na huenda zote mbili. Lakini ili kuligundua jambo hilo ni lazima ziwepo picha nyingi za kulinganisha. Nitalirudia hili baadaye, maana ndilo ombi langu kubwa.

Wapo watakaodhani kwamba haya ni mambo ya juzi yaliyoletwa na kompyuta. Kompyuta imerahisisha kazi ya waghushi, lakini akili yenyewe ni ya zamani. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Marekani waligundua kwamba sarafu kadhaa za dola 20 za mwaka 1907, zile za mchoro maarufu wa Augustus Saint-Gaudens wenye sura iliyoinuka sana, zilikuwa za kughushi, na kazi yake ilikuwa safi kiasi kwamba zilikuwa zimekwisha kuwapita wauzaji wazoefu. Kilichozifichua ni herufi ndogo sana ya Kigiriki, omega, ambayo mghushi aliiweka ndani ya kucha za tai kama sahihi yake. Mtu huyo hajajulikana hadi leo, na sarafu zake bado hujitokeza sokoni. Nadhani kila mnunuzi anayejiamini angepaswa kuisikia habari hiyo, kwa kuwa inaonyesha ni kazi ngapi za aina hiyo zinaweza kupita pale ambapo mghushi hakuwa na majivuno ya kutia sahihi.

Jambo linalotugusa zaidi sisi watu wa Afrika Mashariki, hasa wa pwani na visiwani, ni pauni za dhahabu. Pauni hiyo ya Kiingereza ina uzito wa gramu 7.99, dhahabu ya karati 22, na kipenyo cha milimita 22. Nyumba nyingi zina pauni zilizotiwa fremu na kuning'inizwa kwenye mikufu, nyingine zikiwa zimetolewa kama mahari na nyingine zikiwa zimeletwa kutoka Arabuni na jamaa waliosafiri. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, pauni zilitakiwa mno katika nchi za Mashariki ya Kati, na bei yake ikazidi thamani ya dhahabu iliyomo, wakati Uingereza yenyewe ilikuwa imesimamisha kuzigonga kwa ajili ya matumizi. Pengo hilo likazibwa na waghushi wa Italia na baadaye wa Lebanoni, ambao wengi wao walitumia dhahabu nzuri. Mwaka 1952 mahakama ya juu ya Uswisi ilikataa kumrudisha Italia mmoja wa waliotuhumiwa kwa kazi hiyo, kwa hoja kwamba pauni ya dhahabu haikuwa tena fedha halali inayotumika katika malipo, hivyo kuigonga hakukuwa kughushi fedha. Mwaka 1957 Uingereza ikarudia kugonga pauni mpya, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa kuwaziba mianya waghushi hao.

Ni sawa kabisa kudhani kwamba sehemu ya pauni zilizo kwenye vidani vya mama zetu zilitoka kwenye karakana hizo za Beirut na Milan. Nalisema hili bila kutaka kumvunja mtu moyo. Kidani ambacho bibi amekirithi kwa mama yake kina heshima yake, na dhahabu yake kwa kawaida ni dhahabu. Madhara huja pale mjukuu anapoelezwa kwamba pauni yake ni ya mwaka adimu, akaikopea fedha au akaiuza kwa mtu mwingine kwa bei ya sarafu adimu, na huyo wa mwisho ndiye anayekuja kugundua kwamba ameshika gramu nane za dhahabu ya kawaida.

Upande wa pili kuna sarafu mpya za akiba, kama zile za Afrika Kusini, Kanada, Marekani na Uingereza, ambazo huuzwa kwa bei inayokaribia ya dhahabu yenyewe. Hapa mghushi hawezi kupata faida kwa kutumia dhahabu kamili, kwa hiyo lazima aibe metali. Metali anayoipenda ni tungsteni, ambayo densiti yake, yaani uzito wa kila sentimita moja ya ujazo, ni gramu 19.25, wakati ya dhahabu safi ni 19.3. Risasi, iliyotumiwa na waghushi wa zamani, ina densiti ya 11.3 tu, ndiyo maana mtu aliweza kuitambua kwa kupima uzito na unene. Tungsteni iliyofunikwa kwa dhahabu inaweza kuwa na uzito sahihi na ukubwa sahihi kwa pamoja, na hilo halikuwezekana kwa metali za bei nafuu zilizotangulia. Hata mashine ya eksirei inayotumika kupima madini, ambayo wengi wanaiamini kama neno la mwisho, husoma ngozi ya juu tu ya metali, sehemu ndogo mno ya milimita, hivyo ganda nene la dhahabu linaweza kuipotosha. Kinachomfichua mghushi wa namna hii ni vifaa vinavyopima jinsi umeme au mawimbi ya sauti yanavyopita hadi ndani ya sarafu, kwa kuwa tungsteni hailingani na dhahabu katika mambo hayo.

Pauni na sarafu za Afrika Kusini zina nafuu kidogo, kwa kuwa dhahabu ya karati 22 ina densiti ya takriban 17.6, na tungsteni tupu ingezidi uzito. Kwa sarafu hizi kipimo cha maji bado kina thamani. Sarafu ipimwe kwa mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kisha ining'inizwe kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chombo na kupimwa tena. Pauni halisi itapungua kwa takriban gramu 0.45. Kipimo hicho hakiharibu chochote, tofauti na kung'ata au kukwaruza, mambo ambayo huishusha thamani sarafu halisi, na nawasihi wahariri wote waache kuyachapisha. Hata hivyo nirudie nilichosema mwanzo: maji nayo yatatuambia habari za metali tu.

Viwanda vya kufua sarafu havikukaa kimya. Kanada iliweka alama ndogo ya leza kwenye sarafu yake ya dhahabu yenye picha ya jani, na mwaka 2021 Uingereza iliitia sarafu yake ya akiba iitwayo Britannia picha inayobadilika unapoigeuza pamoja na maandishi madogo yasiyosomeka kwa macho matupu. Mwaka huo huo Marekani nayo iliibadilisha sarafu yake ya tai. Hatua hizo ni nzuri kwa sarafu zinazogongwa sasa. Sarafu ya mwaka 1916 haiwezi kurudishwa karakanani ikatiwe alama. Kwa sarafu za zamani, wakusanyaji wa ng'ambo wamekuwa wakitegemea kampuni zinazozikagua na kuzifungia ndani ya kasha la plastiki lenye namba, huduma iliyoenea tangu mwaka 1986. Sasa waghushi wanaghushi makasha pia. Huchukua namba ya sarafu halisi iliyoandikishwa, wakaichapa kwenye kasha lao, na mnunuzi anayeikagua namba hiyo kwenye tovuti ya kampuni huambiwa kwamba ipo, naye akaridhika. Asichofanya ni kulinganisha picha iliyohifadhiwa na sarafu iliyo mbele yake, mkwaruzo kwa mkwaruzo, na hapo ndipo anapoumia.

Baada ya maelezo hayo marefu, nina mambo ninayoomba yatazamwe na wenye mamlaka. Sheria ya Marekani tangu mwaka 1973 inataka kila nakala ya sarafu ya zamani igongwe waziwazi neno linaloonyesha kwamba ni nakala. Nakala za tembo wa Tabora zilizopakwa dhahabu huuzwa kwenye intaneti kwa bei ndogo, na muuzaji wa kwanza mara nyingi husema kweli kwamba ni nakala. Ni muuzaji wa tatu au wa nne anayeisahau kweli hiyo. Neno NAKALA likigongwa kwenye metali yenyewe, halitasahaulika. Tume yetu ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, imefanya kazi ya kuonekana dhidi ya bidhaa bandia za kampuni zilizo hai, ambazo zinaweza kuleta malalamiko yake. Utawala wa Kijerumani uliogonga sarafu ya Tabora haupo tena wa kulalamika, na ni vyema watunga sheria wetu wakaangalia nani atakayesimama mahali pake.

Aidha, masoko ya madini yaliyoanzishwa nchini kuanzia mwaka 2019 yamewapa wachimbaji wadogo mahali pa kupimiwa dhahabu yao kwa uwazi na kwa mashine. Sioni kwa nini mwananchi mwenye pauni ya urithi asiweze kufika hapo, akalipa ada ndogo, akapewa cheti cha karati na uzito, mradi cheti hicho kiseme wazi kwamba kinathibitisha metali tu na hakithibitishi asili wala umri wa sarafu. Cheti kisichosema hivyo kingekuwa silaha mpya mikononi mwa matapeli.

Ombi langu kubwa ni kwa makumbusho yetu na kila taasisi ya umma inayohifadhi sarafu za zamani. Zipigwe picha kali, pande zote mbili na ukingo, kila sarafu peke yake, pamoja na uzito wake hadi sehemu ya mia ya gramu na densiti yake, na picha hizo ziwekwe mahali ambapo mwalimu wa Nzega, sonara wa Mkunazini na mkusanyaji wa Muscat wataziona bila malipo. Sarafu za tembo ziligongwa kwa aina mbili, zinazotofautiana katika mahali linapoishia pambo lililo upande wa tai kulingana na herufi za neno OSTAFRIKA, na wakusanyaji wa Ujerumani wanazijua tofauti hizo kwa undani. Inasikitisha kwamba mtu wa Tabora anayetaka kujua kama sarafu aliyoshika iligongwa mjini kwake analazimika kuuliza ng'ambo, kwa lugha ya kigeni, na mara nyingi kumwuliza mtu yule yule anayetaka kuinunua kwake.

Hadi hapo picha hizo zitakapopatikana, namshauri kila anayeletewa sarafu ya tembo aombe kwanza kuelezwa imetoka kwa nani na imekaa wapi, aipime uzito na maji, aipige picha na kuilinganisha na zilizouzwa katika minada mikubwa, ambayo huchapisha picha zake, na asilipe zaidi ya thamani ya dhahabu iliyomo mpaka mtu asiye na maslahi katika biashara hiyo awe ameiona kwa macho yake.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkusanyaji wa sarafu za zamani,
Tabora.